Mifupa ya Kijana Asiyeitikia Androjeni: Mambo Ambayo Familia Zinapaswa Kujua

Msichana akifika umri wa miaka 15 bila kuona hedhi ya kwanza, wataalamu wa afya wanashauri apelekwe hospitalini akapimwe. Ushauri huo pia unamhusu msichana ambaye miaka 3 imepita tangu matiti yaanze kuota na bado hajaona hedhi, na yule aliyefikisha miaka 13 bila dalili yoyote ya kubaleghe. Katika wadi ya Gitothua, kama kwingineko katika Kaunti Ndogo ya Ruiru, si ajabu mzazi kusubiri mwaka mmoja, kisha mwingine, akiamini kwamba mtoto amechelewa tu. Wengine hushuku mimba, na wengine hutafuta dawa za kienyeji.

Sababu za kuchelewa kwa hedhi ni nyingi, na nyingi kati ya hizo hutibika kwa urahisi. Mojawapo ya sababu ambazo hazijulikani sana ni hali ya mwili kutoitikia androjeni. Mara nyingi mazungumzo kuhusu hali hii huishia kwenye maswali ya jinsia na uzazi. Jambo ambalo husahaulika ni mifupa na misuli ya kijana huyo, ilhali miaka ya ujana ndiyo inayoamua mifupa hiyo itakuwa imara kiasi gani atakapofika miaka 40 au 60.

Makala haya yanaeleza hali hii ni nini, kwa nini inagusa mifupa na umbo la mwili, na hatua ambazo familia inaweza kuchukua mapema.

Hali hii ni nini

Androjeni ni kundi la homoni ambalo testosteroni ndiyo inayofahamika zaidi. Kila mtu ana homoni hizi, mwanamume kwa wingi na mwanamke kwa kiasi kidogo. Homoni ikitoka kwenye tezi husafiri katika damu hadi kwenye seli, na ndani ya seli huwa kuna kipokezi chake. Homoni na kipokezi ni kama ufunguo na kufuli. Ufunguo ukiwepo na kufuli ikawa na hitilafu, mlango haufunguki.

Hivyo ndivyo ilivyo katika hali hii. Mtoto huzaliwa akiwa na kromosomu za X na Y, ambazo kwa kawaida huonekana kwa wavulana, na tezi zake za uzazi ni korodani zilizobaki ndani ya tumbo au kwenye kinena. Tezi hizo hutengeneza testosteroni ya kutosha. Lakini jeni inayotengeneza kipokezi cha androjeni, ambayo iko kwenye kromosomu ya X, ina hitilafu, kwa hiyo seli haziitikii.

Hitilafu ikiwa kamili, mtoto huzaliwa akiwa na maumbile ya nje ya msichana, hulelewa kama msichana, na mara nyingi yeye mwenyewe hujitambua hivyo. Hana mji wa mimba, ndiyo sababu hapati hedhi. Matiti huota kwa sababu mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, na kipokezi cha estrojeni hakina tatizo. Nywele za kwapani na za sehemu za siri huwa chache au hazipo kabisa. Mara nyingi huwa mrefu kuliko wasichana wenzake.

Hitilafu ikiwa ya sehemu tu, maumbile hutofautiana sana. Kuna mtoto anayezaliwa na sehemu za siri ambazo mkunga hawezi kusema mara moja ni za mvulana au msichana. Kuna mvulana ambaye tundu la mkojo haliko kwenye ncha ya uume, na ambaye matiti huota wakati wa kubaleghe yasiondoke.

Hali hii si ya kawaida. Makadirio yanayotumika zaidi kwa hali iliyo kamili ni mtoto 1 kati ya watoto 20,000 hadi 64,000 wanaozaliwa na kromosomu za X na Y. Daktari wa Marekani, John Morris, ndiye aliyeieleza kwa mapana mwaka wa 1953 baada ya kukusanya kumbukumbu za wagonjwa wengi. Jina alilotumia wakati huo limeachwa kwa kuwa lilikuwa linawaumiza wahusika.

Hitilafu hiyo inatoka wapi

Katika takriban familia 2 kati ya 3, mama ndiye anayebeba jeni hiyo bila yeye mwenyewe kuathirika. Katika familia zinazobaki, hitilafu hutokea upya kwa mtoto. Mama anayeibeba ana uwezekano wa 1 kati ya 4, katika kila mimba, wa kupata mtoto mwenye hali hii. Dada zake pia huenda wanaibeba. Hivyo daktari akiuliza kama kuna mama mkubwa, mama mdogo au binamu upande wa mama ambaye hakuwahi kuona hedhi wala kupata mtoto, swali hilo lina maana kubwa.

Hakuna chakula, dawa, kazi wala tendo lolote la mama wakati wa ujauzito linalosababisha hali hii. Si laana, si uchawi, na haiambukizwi. Mama hapaswi kulaumiwa na mumewe wala na wakwe kwa jambo ambalo hakulichagua na hangeweza kulijua.

Mifupa inavyoguswa

Mfupa si kitu kilichokauka. Kila siku seli fulani hubomoa mfupa wa zamani na nyingine hujenga mpya. Utotoni na ujanani ujenzi huzidi ubomoaji. Kijana anapofika miaka 18, takriban asilimia 90 ya mfupa atakaokuwa nao maishani huwa tayari imeshawekwa. Baada ya hapo kuna nyongeza ndogo tu hadi karibu miaka 30, kisha akiba huanza kupungua polepole. Anayeelewa jinsi SACCO inavyofanya kazi ataelewa jambo hili kwa haraka: aliyeweka kidogo ujanani atatoa kidogo uzeeni.

Homoni mbili husimamia uwekaji huo. Estrojeni huzuia ubomoaji kupita kiasi na hufunga sehemu za ukuaji kwenye ncha za mifupa mirefu, ndipo kijana anapoacha kurefuka. Androjeni huongeza mfupa upande wa nje na kuupanua, na pia hukuza misuli ambayo nayo huvuta mfupa na kuuimarisha.

Kijana asiyeitikia androjeni kabisa anategemea estrojeni peke yake. Ile inayotokana na testosteroni yake humtosha kuota matiti, lakini kwa kawaida huwa chini ya kiwango cha msichana mwenye ovari zinazofanya kazi. Kwa sababu hiyo, tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zimeonyesha mara kwa mara kwamba msongamano wa madini katika mifupa ya watu wenye hali hii huwa chini ya wastani, hasa kwenye uti wa mgongo wa sehemu ya kiuno. Mfupa wa nyonga huathirika kwa kiasi kidogo zaidi. Upungufu huo umeonekana hata kwa wale ambao tezi zao hazijaondolewa.

Upungufu huwa mkubwa zaidi kwa kijana ambaye tezi zimeondolewa na hapewi homoni mbadala, au anapewa lakini hazitumii inavyotakiwa. Huyu hana androjeni inayofanya kazi na pia hana estrojeni. Mifupa yake huanza kupoteza madini katika umri ambao ilipaswa kuyaweka.

Msongamano wa chini hauna maana kwamba mfupa utavunjika. Una maana kwamba kijana ana akiba ndogo, na kwamba kuna sababu nzuri ya kuilinda.

Misuli na mafuta

Seli za misuli na seli za mafuta pia zina vipokezi vya androjeni. Kwa mvulana anayebaleghe, testosteroni ndiyo huongeza misuli na kupunguza mafuta. Kwa kijana ambaye kipokezi hakifanyi kazi, homoni hiyo haimwongezei misuli hata ikiwa nyingi kiasi gani katika damu. Vipimo vya wanawake wenye hali hii, hasa walioondolewa tezi, vimeonyesha mafuta mengi zaidi na misuli michache kuliko inavyotarajiwa kwa kimo chao.

Historia ya michezo ina mfano unaojulikana duniani. María José Martínez-Patiño, mwanariadha wa Uhispania wa mbio za kuruka viunzi, alipimwa kromosomu katika mashindano ya vyuo vikuu mjini Kobe, Japani, mwaka wa 1985. Majibu yalionyesha X na Y, naye akazuiwa kushindana na wanawake. Baadaye habari zake zilivuja kwa magazeti na akapoteza mataji yake na ufadhili wa masomo. Alipigania haki yake akieleza kwamba mwili wake hauitikii testosteroni, kwa hiyo haikumpa nguvu zozote za ziada. Mwaka wa 1988 aliruhusiwa kurudi uwanjani.

Katika maisha ya kila siku, jambo la kuangalia si uzito kwenye mizani peke yake. Watu wawili wanaweza kuwa na uzito na kimo sawa, mmoja akiwa na misuli zaidi na mwingine mafuta zaidi. Njia rahisi ya nyumbani ni kupima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani: kipimo cha kiuno kisizidi nusu ya kimo. Kijana wa sentimita 170 anafaa kuwa na kiuno kisichozidi sentimita 85. Kikizidi, daktari huangalia pia shinikizo la damu, sukari na mafuta katika damu.

Kijana mwenye hali hii akianza kunenepa, asichekwe wala kunyimwa chakula. Kujinyima chakula ujanani humpunguzia protini na kalsiamu, na mifupa ndiyo inayoumia.

Kuondoa tezi: swali la wakati

Kwa miaka mingi, madaktari katika nchi nyingi waliondoa tezi hizo mara tu hali ilipogunduliwa, hata kwa watoto wachanga, kwa hofu ya saratani. Mara nyingi mtoto hakuambiwa ukweli hata alipokua.

Maoni ya wataalamu yamebadilika. Mkutano wa wataalamu wa homoni za watoto uliofanyika Chicago mwaka wa 2005, ambao maafikiano yake yalichapishwa mwaka wa 2006, ulisisitiza matibabu ya kundi la wataalamu wa fani mbalimbali, uwazi kwa mgonjwa na tahadhari katika upasuaji. Kwa hali iliyo kamili, hatari ya saratani kabla ya kubaleghe ni ndogo sana. Tezi zikiachwa, kijana hubaleghe mwenyewe bila dawa na mifupa yake hupata estrojeni ya mwili wake katika miaka muhimu zaidi. Ndiyo maana leo inashauriwa tezi ziachwe hadi kubaleghe kukamilike, kisha mwenyewe, akiwa na umri wa kuelewa, ashirikishwe katika uamuzi wa kuziondoa au kuendelea nazo huku zikichunguzwa.

Kwa hali ya sehemu, hatari ya saratani huwa kubwa zaidi, hasa tezi zikiwa ndani ya tumbo, na uamuzi unaweza kuwa tofauti. Hilo ni jambo la kujadiliwa na daktari bingwa wa homoni pamoja na daktari wa upasuaji.

Mzazi akielezwa kwamba mtoto wake anahitaji upasuaji wa aina hii, ana haki ya kuuliza maswali manne: Je, kuna hatari yoyote ya kungoja? Baada ya upasuaji mtoto atapata wapi homoni, na kwa gharama gani? Nani atakuwa akipima mifupa yake? Je, mtoto mwenyewe ameelezwa na kukubali?

Dawa za homoni zisikatizwe

Kijana aliyeondolewa tezi huhitaji estrojeni. Ikiwa ziliondolewa kabla ya kubaleghe, dawa huanzishwa kwa kiwango kidogo akiwa na miaka 11 au 12, kisha huongezwa taratibu kwa miaka 2 hadi 3 ili mwili ubadilike kama wa wenzake. Baada ya hapo anaendelea na kiwango cha mtu mzima hadi karibu umri wa miaka 50, wakati ambapo wanawake wengi hukoma hedhi. Dawa hiyo huja kama vidonge, plasta ya kubandika kwenye ngozi au jeli ya kupaka. Kwa kuwa hana mji wa mimba, kwa kawaida hahitaji kuongezewa projesteroni.

Hapa ndipo vijana wengi hupotea njia. Dawa haimpi dalili ya haraka anapoiacha. Hakuna maumivu, na mfupa unaopungua hausikiki. Mwanafunzi anayekwenda shule ya bweni huona aibu kumeza kidonge mbele ya wenzake. Mzazi hupungukiwa na pesa mwezi mmoja, kisha miwili. Mwaka ukiisha hivyo akiwa na miaka 16, huo ni mwaka wa kuweka akiba uliopotea.

Kuna pia wanaobadilisha dawa wenyewe na kununua vidonge vya kupanga uzazi kwenye duka la dawa kwa sababu ni rahisi kupatikana. Vidonge hivyo vina homoni ya pili ambayo kijana huyu haihitaji, na pakiti nyingi zina siku 7 za kila mwezi zisizo na homoni yoyote. Asibadilishe dawa bila kumwuliza daktari. Na ikiwa dawa aliyoandikiwa haipatikani au bei imemshinda, aseme mapema ili atafutiwe nyingine.

Kwa mvulana mwenye hali ya sehemu anayelelewa kama mvulana, daktari anaweza kupendekeza testosteroni kwa kiwango kikubwa kuliko cha kawaida ili kulazimisha vipokezi vichache vinavyofanya kazi viitikie. Sindano za kujiongezea misuli zinazouzwa kwa siri katika baadhi ya gym si tiba ya hali hii, na zina madhara kwa moyo na ini.

Kupima mifupa

Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mfupa uliovunjika, lakini haionyeshi mapema kwamba madini yamepungua. Kipimo kinachotumika ni DXA. Mgonjwa hulala kitandani kwa dakika chache huku mashine ikipita juu yake. Hakuna sindano, na mionzi yake ni kidogo sana. Mashine hiyo hiyo inaweza kupima kiasi cha misuli na mafuta mwilini. Mashine hizi si nyingi nchini, na nyingi ziko Nairobi, kwa hiyo familia ya Ruiru itahitaji barua ya rufaa na maandalizi ya gharama.

Majibu ya kijana husomwa tofauti na ya mama mzee. Kwa mzee, mfupa hulinganishwa na ule wa mtu wa miaka 30. Kwa kijana, hulinganishwa na vijana wa umri wake, na alama hiyo huitwa alama ya Z. Alama ya Z ikiwa -2.0 au chini ya hapo, husemwa kwamba mfupa uko chini ya kiwango cha umri wake. Alama peke yake haitoshi kusema kijana ana ugonjwa wa mifupa dhaifu. Lazima daktari aangalie pia kama amewahi kuvunjika, na kwa njia gani.

Kimo pia huhesabiwa. Mashine hupima mfupa kama kivuli, kwa upana na urefu, si unene wake wote. Kijana mrefu anaweza kuonekana na mfupa mzuri kuliko ulivyo kweli, na mfupi akaonekana mbaya kuliko alivyo. Kwa hiyo inafaa anayesoma majibu ajue hali ya kijana, kimo chake na hatua ya kubaleghe aliyofikia. Ikirudiwa, ni vyema ipimwe kwenye mashine ile ile ili majibu yalinganishwe.

Chakula, jua na mazoezi

Homoni peke yake haijengi mfupa bila vifaa. Kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Kikombe kimoja cha maziwa au cha maziwa lala kina takriban miligramu 300. Vikombe viwili kwa siku vinamfikisha karibu nusu ya mahitaji, na mengine yanaweza kutoka sokoni kwa bei ya kawaida. Omena huliwa na mifupa yake yote, kwa hiyo ina kalsiamu nyingi. Sukuma wiki ina kalsiamu ambayo mwili huifyonza vizuri. Spinachi na terere zina virutubishi vingi, lakini pia zina kemikali inayozuia sehemu ya kalsiamu isifyonzwe, kwa hiyo zisiwe tegemeo pekee. Uji wa wimbi ni mzuri, na ukichachushwa ni bora zaidi. Maharagwe, ndengu, mayai na githeri huleta protini, ambayo ni sehemu ya mfupa na ya misuli.

Vitamini D husaidia mwili kufyonza kalsiamu, na hutengenezwa ngozi inapopata jua. Kiambu iko karibu na ikweta na jua lipo mwaka mzima, lakini kijana anayeamka alfajiri, kukaa darasani kutwa na kurudi kwenye nyumba ya ghorofa jioni anaweza kulikosa. Ngozi nyeusi pia huhitaji muda mrefu zaidi juani. Daktari anaweza kupima kiwango cha vitamini D na kuandika nyongeza ikihitajika.

Mazoezi yanayofaa mifupa ni yale ambayo miguu hubeba uzito wa mwili na kugonga ardhi: kuruka kamba, kukimbia, soka, netiboli, ngoma, kupanda ngazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 60 kwa siku kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 17, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Kwa kijana ambaye mwili wake haupati msaada wa androjeni, mazoezi ni njia mojawapo chache za kuongeza misuli. Mwalimu anayemwona mwanafunzi akikwepa michezo kwa kuogopa kubadilisha nguo mbele ya wengine anaweza kumsaidia kwa kumpa mahali pa faragha, bila kumwuliza maswali mbele ya darasa. Sigara na pombe hupunguza mfupa, na kijana mwenye akiba ndogo anapaswa kuviepuka kabisa.

Sheria inasema nini

Hali hii ni mojawapo ya zile zinazowekwa katika kundi la huntha. Wengi husema "watu wenye jinsia mbili", lakini usemi huo unapotosha, kwani hakuna mtu mwenye viungo kamili vya pande zote mbili.

Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu, katika kesi ya mtoto aliyetajwa kama Baby A, iliitaka serikali iweke mwongozo kuhusu watoto huntha. Mwaka wa 2017 Mwanasheria Mkuu aliteua jopokazi kuchunguza hali yao. Katika sensa ya mwaka wa 2019, Kenya ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kuwahesabu huntha: 1,524 nchini kote, na kati yao 135 katika Kaunti ya Kiambu. Idadi hiyo ni ya waliojitaja au kutajwa na familia zao. Mtu asiyeitikia androjeni anaweza kuishi hadi utu uzima bila kujua kwamba yumo katika kundi hili.

Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto huntha haki ya kuheshimiwa, kupata matibabu yanayofaa, elimu na huduma za ulinzi wa kijamii. Pia inakataza kubadilisha au kuondoa kiungo cha mtoto huyo bila ushauri wa daktari wa masuala ya jeni. Sheria ya Afya ya 2017 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zinalinda siri za mgonjwa. Mhudumu wa afya, mwalimu au jirani hana ruhusa ya kutangaza habari za mwili wa mtoto.

Siri kwa watu wa nje haina maana ya kumficha mtoto mwenyewe. Kijana asiyejua kwa nini anameza dawa ndiye huiacha kwanza. Inashauriwa aelezwe kidogo kidogo kulingana na umri wake, ili ifikapo wakati wa kubaleghe awe anajua kwa nini hapati hedhi, kwamba hatabeba mimba, na kwamba anaweza kusoma, kufanya kazi, kupenda na kulea watoto kama watu wengine.

Pa kuanzia

Familia ya Gitothua inaweza kuanza kwa kumweleza mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wao, au kwenda moja kwa moja kwenye zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo hupewa rufaa hadi Hospitali ya Ruiru Level 4 au Thika Level 5 kwa uchunguzi wa mwili, picha ya utrasaundi na vipimo vya homoni. Uchunguzi wa kromosomu na matibabu ya muda mrefu huhitaji daktari bingwa wa homoni, kama wale wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Nairobi pia ni makao ya PETCA, mpango ulioanza mwaka wa 2008 wa kuwafunza madaktari wa watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika matibabu ya homoni.

Wazazi wanakumbushwa kuwasajili watoto wao katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kwa kupiga *147#, na kuuliza kabla ya siku ya kipimo ni huduma gani zitalipiwa.

Dalili zifuatazo hazifai kupuuzwa: mtoto wa kike mwenye uvimbe au henia kwenye kinena, hasa pande zote mbili, kwa kuwa takriban 1 hadi 2 kati ya wasichana 100 wenye henia ya namna hiyo huwa na hali hii, msichana aliyeota matiti lakini hana hedhi wala nywele za kwapani, mvulana ambaye matiti yameota na hayaondoki, na kijana yeyote aliyeondolewa tezi utotoni ambaye sasa hapati homoni wala hahudhurii kliniki. Kwa huyu wa mwisho, hata kama miaka kadhaa imepita, kurudi hospitalini sasa kuna faida. Anayeanza tena homoni akiwa na miaka 17 au 20 bado ana muda wa kujenga mfupa kabla ya kufika miaka 30.

Mtoto anayedhulumiwa, kuchekwa au kufukuzwa shuleni au nyumbani kwa sababu ya maumbile yake anaweza kusaidiwa kupitia ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, au kwa kupiga simu bila malipo kwa nambari 116, saa yoyote.